Baridi hainitoki mwilini, na nesi wa zahanati ni binamu wa mume wangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, mume na watoto watatu. Nimekulia Ujiji, ambako sweta ni vazi la safari tu. Mwaka juzi nilihamishiwa shule moja huku milimani Buhigwe, upande wa Manyovu. Naomba jina langu na la shule yasitajwe.

Shida yangu ni baridi. Najua utasema milimani kuna baridi, na kweli ipo. Juni na Julai kuna siku ukungu hautoki mpaka saa nne. Lakini wenzangu wanavaa masweta asubuhi, jua likishika wanayavua. Mimi silivui. Saa nane mchana wanafunzi wanarudi mapumziko wanatoka jasho, mimi nimesimama ubaoni na sweta, juu yake kitenge, na vidole vina ganzi mpaka chaki inaniponyoka. Usiku navaa soksi, traksuti na kilemba, ndiyo naingia kwenye blanketi. Mume wangu mwanzoni alikuwa anacheka. Siku hizi hacheki. Anasema mke anayelala amefungwa kama mzigo wa dagaa amemkataa mumewe kwa adabu.

Si baridi peke yake. Nachoka mno. Njia ya shuleni ina kilima kidogo ambacho nilikuwa nakipanda huku naongea na simu. Sasa nasimama katikati najifanya naangalia mahindi ya watu. Nywele zinakatika. Na kuna jambo la aibu: natafuna mchele mbichi. Nauweka kwenye mfuko wa sweta nachota kidogo kidogo. Darasa la tatu wameshanigundua, juzi mmoja alinyoosha mkono akauliza mwalimu anakula nini.

Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Dada yangu aliyeko Mwanza anasema ni tezi ya shingo. Yeye alifanyiwa upasuaji wa goita, tezi ikatolewa yote, na anameza vidonge kila siku. Alinisikiliza kwenye simu akasema dalili zangu ndizo zilikuwa zake, akanitumia sehemu ya vidonge vyake kwa basi. Mwezi uliopita nilimeza siku kadhaa. Moyo ukawa unadunda usiku mpaka nausikia masikioni. Nikaacha, lakini ninavyo bado kabatini.

Zahanati walinipima wekundu wa damu, ukawa 8.4. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Tumbo likavurugika, choo kikawa cheusi, nikaogopa nikaacha. Sikurudi tena, na sababu ya kutorudi ndiyo iliyonifanya niandike.

Baada ya mtoto wa tatu niliweka kitanzi. Mume wangu hajui. Yeye anataka watoto watano, mimi nimechoka mwili na mshahara. Tangu nikiweke, siku zangu zilizokuwa nne zimekuwa saba, wakati mwingine nane, na damu inatoka na mabonge. Navaa pedi mbili kwa pamoja na bado naenda kazini na kanga ya akiba kwenye mkoba. Nikirudi zahanati nitaulizwa damu inakwenda wapi, na nesi wa pale ni binamu wa mume wangu.

Mama, nifanyeje? Nivimalize vidonge vya dada? Nitoe kitanzi nipate mimba nisiyoitaka? Nimwambie mume wangu? Au niombe uhamisho nirudi Ujiji kwenye joto langu, mambo yaishe?

Mwenye baridi, Buhigwe

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nilipofika kwenye mchele mbichi nikajua habari ya damu iko njiani. Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi, na mwanamke anayetafuna mchele, udongo wa pemba au barafu tulikuwa tunampima wekundu wa damu kabla ya kumuuliza mengi. Kwa hiyo hiyo aibu itue. Ni dalili inayojulikana ya mwili uliopungukiwa madini ya chuma, na kwa wengi hamu hiyo huisha chuma kinapoanza kurudi.

Ninavyokuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. Moja ni la mwili: baridi hii inatoka wapi. La pili ni la nyumba: utatibiwaje bila siri kutoka nje. Nisamehe nikisema nadhani vidonge vya dada vilikuvutia kwa sababu vinajibu la kwanza bila kuligusa la pili. Ugonjwa wa tezi unaweza kuutaja mezani mbele ya mama mkwe na hakuna atakayeuliza habari za kizazi.

Tuanze na mwili. Dada yako hakukosea kuitaja tezi, ila huenda ameishika habari kwenye mkia. Tezi ile hutoa homoni zinazoitwa T4 na T3, na hizo ndizo zinazoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani. Joto ulilonalo ni zao la kuunguza huko. Baridi ikija, mishipa ya ngozini hubana, misuli hutetemeka, na mwili hutakiwa kuunguza zaidi ili joto la ndani lisishuke. Sasa, ili tezi itengeneze homoni yake inahitaji madini joto, na inahitaji kimeng'enya cha kuyapachika madini joto hayo mahali pake. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila chuma. Kisha T4 hubadilishwa kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu, na kwa panya waliopungukiwa chuma imeonekana kwamba hata hatua hiyo huzorota. Na homoni hata ikitosha, hakuna kuunguza bila oksijeni, na oksijeni hubebwa na wekundu wa damu, ambao kiini chake ni chuma hichohicho.

Mwaka 1990 John Beard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililokulenga wewe kabisa. Waliwaingiza wanawake kwenye maji ya nyuzi 28 kwa dakika 100. Wengine walikuwa na damu ya kutosha, wengine walikuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chuma. Nyuzi 28 ni mchana wa kawaida tu kwenu Ujiji, lakini maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa. Waliopungukiwa damu joto lao la ndani lilishuka zaidi, walitumia oksijeni kidogo zaidi, na T4 na T3 kwenye damu yao zilikuwa chini kuliko za wenzao. Wakapewa vidonge vya chuma. Damu iliporudi, uwezo wa kushika joto ukaongezeka. Homoni nazo zikapanda, ingawa hazikufika zote kwenye kiwango cha wenye damu nzuri.

Wanawake wale walikuwa wachache, na jaribio la maabara haliwezi kuchukua nafasi ya daktari wako. Lakini linanifanya nikuulize: je, umewahi kupimwa hiyo tezi, au tumeitambua kwa simu? Dalili za tezi iliyolegea na dalili za chuma kupungua zinaingiliana mno. Baridi, uchovu, nywele kukatika, zote ziko pande zote mbili. Tena nikuongezee utata, maana sipendi kukurahisishia kisichokuwa rahisi: tezi iliyolegea yenyewe inaweza kusababisha hedhi nzito, damu ikapungua. Kwa hiyo inawezekana chuma ndicho kinachoivuta tezi chini, inawezekana tezi ndiyo inayomwaga damu, na inawezekana tezi yako ni nzima kabisa na ni damu tu. Unavyosimulia, hedhi ilibadilika ulipoweka kitanzi, na hilo linanielekeza kwenye damu kwanza. Lakini kipimo cha TSH, yaani homoni ya kichwani inayoiamuru tezi ifanye kazi, kingetutoa kwenye kubahatisha, na cha feritini, yaani akiba ya chuma, kikipatikana. Uliza Kasulu, au Maweni pale Kigoma mjini, kama wanapima hapohapo au wanatuma sampuli.

Ukienda, useme wazi kwamba ulimeza vidonge vya dada na lini. T4 hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake tu ndiyo hutoka kwa wiki moja, na TSH hukawia zaidi kutulia. Daktari anaweza kukuambia usubiri kama wiki sita tangu uache ndipo jibu liwe la kwako.

Na vidonge hivyo tuvizungumzie kidogo. Dada yako hana tezi tena. Dozi yake imepangwa kuziba nafasi ya tezi nzima. Wewe tezi yako ipo na inafanya kazi kwa kiasi fulani, hivyo unapoongeza dozi yake juu yake unazidisha. Moyo wako tayari unakimbia kufidia damu iliyopungua, halafu unauchapa. Huo mdundo uliousikia masikioni mimi nauchukulia kwa uzito. Halafu, kama kipimo kitaonyesha kweli unahitaji dawa ya tezi, kumbuka kwamba vidonge vya chuma vikimezwa pamoja nayo huizuia isiingie mwilini. Huachanishwa kwa saa nne.

Wekundu wa 8.4 si jambo la kuliacha lijiendee. Kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 12 kuwa upungufu, na chini ya 8 kuwa upungufu mkali. Umebakiza hatua moja, na hedhi inarudi kila mwezi. Angalia hesabu yake: mwili hunyonya kiasi cha miligramu 1 au 2 tu za chuma kwa siku kutoka kwenye chakula. Hedhi ya mililita 80, kiasi ambacho wataalamu huanza kukiita nzito, inaweza kuondoka na miligramu 35 kwa mtu mwenye damu nzuri. Sasa weka mabonge, pedi mbili na siku nane. Chakula kinasaidia, na nitakuomba usiache dagaa na migebuka inayopanda huko kutoka ziwani, maharage na mboga za majani, ila kwa pengo hili chakula peke yake kitachelewa. Ukianza kuhema ukiwa umekaa, kuzimia, au kifua kuuma, hiyo si ya kusubiri Jumatatu.

Vidonge vya chuma ulivyoviacha, choo cheusi ni chuma ambacho hakikunyonywa, hakina madhara. Kichefuchefu ni kweli kipo, na wengi huacha kama wewe. Wengine huvumilia wakimeza usiku wakati wa kulala, au na chakula kidogo, ingawa chakula hupunguza kinachoingia. Usimeze na chai wala maziwa. Chai ya rangi ndiyo adui mkubwa, iache ipite saa moja au mbili. Chungwa au maji ya limao husaidia. Kuna utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2017 ulioonyesha kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma waliomeza siku moja wakaruka siku moja, kila kidonge kilinyonywa vizuri zaidi kuliko kwa waliomeza kila siku. Hao hawakuwa na upungufu wa damu kama wako, kwa hiyo muulize anayekutibu kabla ya kubadili dozi, lakini ujue kwamba kuna njia kati ya kumeza unateseka na kuacha kabisa. Damu hupanda taratibu, karibu gramu moja (kama kutoka 8.4 hadi 9.4) kwa wiki mbili hadi nne, na ikifika 12 bado huendelea kumeza kama miezi mitatu kujaza akiba. Watu wengi huacha hapo katikati wanapojisikia nafuu, mwaka unaofuata wanarudi pale pale.

Jambo dogo la jikoni: angalia chumvi yako. Kigoma mmelishwa chumvi ya Uvinza tangu enzi za misafara, na siku hizi sheria inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, lakini magulioni bado unaweza kupimiwa chumvi ya kwenye gunia isiyo na maandishi yoyote. Nunua ya pakiti iliyoandikwa. Huko Kodivaa, watoto wenye goita waliopungukiwa chuma walipewa chumvi yenye madini joto; wale walioongezewa vidonge vya chuma, goita zao zilinywea zaidi kuliko za waliokula chumvi tu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2002. Tezi inavitaka vyote viwili.

Sasa fundo la pili.

Unasema nikitoa kitanzi nitapata mimba. Kwani kitanzi ndicho pekee? Kitanzi cha shaba kinajulikana kuongeza hedhi, hasa miezi ya mwanzo, na kwa wengi hupungua baada ya miezi mitatu hadi sita. Chako hakijapungua. Hapo kuna njia kadhaa, na kila moja ina bei yake. Unaweza kubaki nacho ukapewa dawa za kupunguza damu siku za hedhi pamoja na chuma. Utalinda mpango wako, lakini utakuwa unajaza ndoo inayovuja. Unaweza kubadili ukaweka kipandikizi au ukachoma sindano; hizo kwa wengi hazimwagi damu hivyo, ila hedhi huenda ikavurugika, ikatoka matone siku nyingi au ikapotea, na mume anayehesabu siku atauliza. Kipandikizi pia huguswa mkononi. Na kabla ya yote, mtu akuchunguze aone kama kitanzi kiko mahali pake na kama hakuna uvimbe kwenye kizazi, maana huenda tunakisingizia. Usikivute mwenyewe. Na usikitoe leo bila kujua kesho unatumia nini: mimba moja huhitaji karibu miligramu 1,000 za chuma, na wewe wa kukopesha huna.

Kuhusu nesi ambaye ni shemeji yako: hofu yako ni ya haki, vijiji vyetu tunavijua. Siri ya mgonjwa ni wajibu wake, lakini sitakudanganya kwamba wajibu hufunga kila mdomo. Ndiyo maana nimetaja Kasulu na Maweni. Safari ya kupima damu inaelezeka kwa mtu yeyote, 8.4 yenyewe ni sababu tosha, na ni ya kweli.

Mume wako sasa. Nimejiuliza kama ulichomficha ni kitanzi tu. Yeye anajua umechoka mwili na mshahara? Umewahi kumwambia, au amesikia kimya akakijaza mwenyewe? Maana hata kwenye blanketi amekijaza: anaona traksuti, anasoma kukataliwa. Sidhani kwamba lazima uanze na kitanzi. Unaweza kuanza na karatasi ya maabara: "Baba fulani, damu yangu ni 8.4, ndiyo inayonipa baridi hii, sijakukataa." Hilo ni kweli lote. Ukitoka hapo, mazungumzo ya kwamba mwili huu hauwezi kubeba mimba kwa sasa yanaweza kuja na daktari akiwa upande wako, na wanaume wengi husikia hesabu ya damu upesi kuliko maneno ya kuchoka.

Lakini sitaki uone ninasukuma. Kumweleza yote kunaweza kukuletea mwenza wa kukukumbusha vidonge, kunaweza pia kuleta ugomvi mzito, na wewe ndiye unayeijua hasira yake, mimi simjui. Kama ni mtu wa mkono, usalama wako uje kabla ya ukweli wangu. Kunyamaza nako kuna gharama: siri hii imeshakufanya uache matibabu mara moja, na akija kukijua kitanzi kwa binamu yake itakuwa habari nyingine kabisa kuliko akikisikia kwako. Kama kuna mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au mama yako, pima kama anafaa kukaa nanyi. Mama mkwe mwenyewe simtupi. Anayesema mkono wa mtu ameona kwamba mkwewe anaisha, na huenda akapokea namba ya maabara vizuri kuliko unavyodhani.

Uhamisho wa Ujiji utakupa faraja, na ukiutaka kwa sababu nyingine ni haki yako. Ila damu ya 8.4 ikishuka ziwani itabaki 8.4, tofauti ni kwamba joto litakuficha usiione.

Ukipimwa, niandikie tena. Niandikie namba ya TSH na ile iliyochapwa pembeni yake kama kiwango cha kawaida, kwa sababu maabara hazifanani, na uniambie wekundu umefika ngapi na umekuwa ukimeza chuma kwa mtindo gani. Suala la kitanzi, uamuzi wowote utakaoufikia, nitausoma bila kukugombeza.